Jeneza la Benson na Mitandao Mitatu

Sehemu ya 9

Kioo cha simu kilikuwa cheusi tii.

Hapo ndipo tulipomwacha Asukile Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Amesimama nyuma ya migomba ya marehemu kule Kawetele, manyunyu yanamlowesha kofia, na matangazo ya mpwa wake yamekatika ghafla mbele ya watu mia tatu waliokuwa wakitazama. Lusungu alikuwa ndiyo kwanza ameigeuza kamera kuelekea kwenye jeneza. Sekunde ya kwanza jeneza likaonekana. Ya pili, giza.

Simu yenyewe haikufa. Lusungu alibonyeza, ikawaka, ikaleta maandishi. Asukile, ambaye shule aliishia darasa la nne na herufi ndogo zinamkimbia, akamwomba amsomee.

"Matangazo yako yamesitishwa," Lusungu akasoma. "Umeonyesha maiti. Umefungiwa saa ishirini na nne."

"Maiti gani? Sanduku limefungwa."

"Mashine yao imeona sanduku, mjomba. Kwao inatosha."

Saa ishirini na nne! Benson alikuwa azikwe saa tisa alasiri, na sasa ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze upesi. Benson alikuwa mtunza stoo ya dawa za kunyunyizia kwenye shamba la chai la Isumbi. Jumatatu asubuhi aliingia stoo mzima. Mchana wakasema moyo umesimama. Wakubwa wa shamba wakatoa jeneza wao, wakalifunga kwa skrubu wao, wakalileta na barua kwamba lisifunguliwe. Tangu lini Rungwe mtu akazikwa bila kuagwa? Lakini barua ilikuwa na mhuri, na siku hizi mhuri una nguvu kuliko mila na Biblia ukivifunga kamba moja.

Asukile alijua kwa nini skrubu zilikuwa nane. Jumapili, siku moja kabla ya kufa, Benson alimfuata baada ya ibada akamnong'oneza kwamba mapipa yaliyokatazwa yamerudi stoo, yamebandikwa karatasi mpya. Akamwambia neno moja la mwisho: nikipatwa na jambo, tazama mikono yangu.

Mikono! Asukile aliijua habari ya mikono. Miaka kumi na tisa alibeba bomba la dawa mgongoni katika mistari ya chai ileile. Mkewe Atupakisye alichuma nyuma yake. Mwaka juzi ngozi ya mikono ya Atupakisye ilianza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na wiki ya tatu akamzika. Shamba likasema ni mzio. Aliyeiona ile mikono alikuwa Asukile peke yake, na mbeba bomba akisema peke yake ni sawa na mbwa anayebwekea lori.

Safari hii aliapa mikono ionekane na wengi.

Mtu mmoja tu angeweza kusimamisha mazishi, naye ni Anania, kaka mkubwa wa Benson, ndiye mkuu wa ukoo tangu baba yao afariki. Anania alisema yuko Kahama migodini, hana namna ya kufika. Asukile alipompigia Jumanne, alijibu kwa ukali kwamba picha siku hizi zinatengenezwa, mtu anaweza akamwotesha Benson hata mapembe. Hataki picha. Na simu ya video ya mtu mmoja kwa mmoja pia hataki, kesho aje aambiwe aliota. Aonyeshwe papo kwa papo, na ukoo mzima ukitazama, wa Dar, wa Mbeya, wa Kyela. Akiona, atasema.

Asukile alikubali haraka. Akiona mmoja, wanamziba mdomo. Wakiona mia tatu, mikono ya kuwaziba wataitoa wapi?

Sasa mtandao waliokuwa wakirushia, ule mwekundu, umewatupa nje. Saa inakwenda.

Lusungu alichutama chini ya mgomba, akatoa daftari kwenye mkoba. Binti huyu anauza mitumba kwa kujirusha laivu pale Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu mjini, na Jumamosi hurusha misiba ili ndugu walio mbali walie na wenzao. Amefungiwa mara nne. Kila akifungiwa huandika kosa lake kwenye daftari, kama mwanafunzi anayeandika mahali alipochapwa.

Alimweleza mjomba wake kwa lugha ya kueleweka. Mitandao anayoitumia ni mitatu, na kila mmoja una mwenyewe na sheria zake. Huo mwekundu hautaki kifo kabisa, hata kaburi wazi. Wa bluu unaruhusu maiti ikiwa familia imeridhia na hakuna damu, lakini watu watatu wakikushtaki tu, unazimwa kwanza, unaulizwa baadaye.

"Basi wa bluu," Asukile akasema.

Lusungu akanyoosha kidevu kuelekea uani. Dickson alikuwa amesimama pale chini ya turubai, na vijana wake sita wa shamba, kila mmoja simu mkononi. Dickson ni msimamizi wa wachumaji kule Isumbi. Ni huyohuyo mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nani alimchagua? Alijichagua pamoja na barua.

"Watatu wa kushtaki wako palepale, mjomba. Na akiba anayo."

Ukabaki mtandao mweusi. Huo unaruhusu mwili wa marehemu, lakini uso uwe umefunikwa, damu isionekane, na mtoto yeyote asitokee kwenye picha. Tena una jambo zuri: mtazamaji anaweza kuomba kuingia, sura yake ikatokea, akazungumza na wote. Anania angeweza kutamka neno lake mbele ya ukoo.

"Sasa tunangoja nini?"

"Haukuruhusu kwenda laivu mpaka uwe na wafuasi elfu moja. Mimi ninao mia tisa arobaini na mmoja."

Asukile alitema mate pembeni. Hata kusema kweli kumewekewa kizingiti. Wanaokaa huko kwenye viti vyao vya kuzunguka, wanapanga nani asikilizwe na nani asisikilizwe, hawajawahi kushika jembe la kaburi hata siku moja. Masikini akiwa na watu mia tisa arobaini na mmoja bado hajawa mtu.

Hapo hapo sauti ya Dickson ikapaa kutoka uani. Alikuwa akiwatangazia waombolezaji kwamba kwa sababu ya mvua, kamati imesogeza ratiba. Mwili utateremshwa saa nane na robo.

Dakika arobaini na tano zimeliwa kwa mdomo mmoja! Sasa zilibaki dakika hamsini na tano.

Asukile alimshika mpwa wake bega, akamvuta jikoni.

Jiko la msiba, msomaji, unalijua. Masufuria makubwa juu ya mafiga, akina mama wamejifunga kanga, moshi unawatoa machozi hata wasio na uchungu. Asukile hakuwahutubia. Alimwinamia wa kwanza, akamweleza kwa Kinyakyusa. Yule akampa wa pili mwiko, akatoa simu kwenye kifundo cha kanga. Maneno yakatambaa kutoka sufuria hadi sufuria. Lusungu alikuwa akizunguka, anawaonyesha pa kubonyeza ili wawe wafuasi wake, anasoma namba kwa sauti ya chini.

Mia tisa sitini. Mia tisa sabini na nne.

Bibi mmoja naye alileta simu yake ndogo ya kitochi ibonyezwe. Lusungu akamweleza kwa upole kwamba simu hiyo haina mtandao.

"Bonyeza tu, mwanangu," bibi akasema. "Nisije nikaachwa nje ya jambo."

Wachimba kaburi waliokuja kunywa chai wakaongezea saba. Mia tisa tisini na tatu. Walimu watatu wageni kutoka shule ya jirani, watu wa Kagera na Singida waliokuja kutoa pole, walitazamana kwanza kwa woga wa watu wenye ajira, halafu mmoja akatoa simu, na wenzake wakamfuata.

Elfu moja ilitimia saa saba na dakika thelathini na sita.

Sasa jeneza.

Lilikuwa sebuleni, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Anyosisye, mjane wa Benson, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameegemea mguu wa meza. Tangu asubuhi hakuwa amelia. Nje, spika kubwa ya kukodi ilikuwa ikipiga kwaya kutoka kwenye flashi, na jenereta ikiunguruma, kwa maana umeme ulikatika tangu jana.

Asukile alipiga goti moja. Akamwomba radhi. Akasema anataka kufungua, na hatafungua bila neno lake, kwa sababu hata yeye alifiwa na anajua.

Anyosisye alinyanyua kichwa kutoka kwenye mguu wa meza.

"Ndaga, baba," akamshukuru. "Miaka kumi na minne nimemfulia nguo. Leo nasomewa barua kwamba siruhusiwi kumwona. Fungua."

Lusungu aliwatoa watoto sebuleni, mmoja baada ya mwingine, hadi aliyekuwa amejificha nyuma ya kabati. Akampa mjane kanga nyingine ya kufunikia uso wa marehemu. Sheria tatu za mtandao mweusi akazihesabu kwa vidole, zote zimetimia. Akasimamisha simu juu ya stuli, akaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga.

Wakaingia laivu.

Arobaini. Mia na kumi. Mia mbili themanini. Majina ya ukoo yakawa yanapita kwenye kioo, pole kutoka Dar, pole kutoka Kyela. Na katikati yao, jina moja likapita polepole: Anania.

Asukile alitoa bisibisi mfukoni. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Huku akifungua alikuwa akisema, na yote aliyoyaweka kifuani miaka miwili yakamtoka. Alitaja mapipa. Alitaja karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani. Alimtaja bwana mkubwa wa shamba na cheo chake, akamtaja Dickson na kazi yake ya kupeleka maneno, akamtaja Atupakisye kwa jina lake kamili la ubatizo. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma majina ya waliofariki kanisani.

Skrubu ya saba, Lusungu akamgusa mkono. Uso ulikuwa umembadilika.

"Mjomba, hawakusikii."

Alimgeuzia simu. Maoni yalikuwa yamejaa: sauti, sauti, hatusikii, sauti imekwenda wapi. Na juu ya kioo, mstari mwekundu: matangazo yako yamenyamazishwa kwa kutumia wimbo wenye mwenyewe.

Ilikuwa ile kwaya ya nje! Spika ya uani iliingia kwenye maiki ya simu, mashine ikautambua wimbo, ikaua sauti yote, ya kwaya na ya Asukile pamoja. Lusungu alikuwa amelinganisha sheria zote za kifo katika mitandao mitatu, mstari kwa mstari. Sheria za nyimbo hakuzigusa. Angezigusaje? Mitumba haiimbiwi. Na misiba aliyokuwa akirusha ilikuwa ni ya kwaya za kanisani, wanaimba kwa midomo yao. Hii ya flashi ndiyo mara yake ya kwanza. Na ni mtu gani wa Rungwe ambaye angefikiri kwamba wimbo wa Mungu msibani ni wizi?

Ushahidi wa miaka miwili ulikuwa umesemwa kwa samaki.

"Anza upya," Lusungu akamsihi. "Lakini ile spika izimwe kwanza."

Mwenye spika, Enosi, alikuwa kijana wa watu na hakuwa na neno, lakini alikataa. Alisema Dickson amemwonya kwamba muziki usizimwe hata kidogo hadi mwili utoke ndani. Hata sauti asipunguze.

Asukile akaelewa. Kuna mtu aliyezijua sheria za nyimbo kabla yake.

Hakubishana na Enosi. Alitembea hadi nyuma ya choo ilipofungwa jenereta, akaizima kwa mkono wake. Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Ukimya ulioangukia uani pale, msomaji, ulikuwa mzito kuliko jeneza. Watu waligeuza vichwa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye paa, na ghafla matone kwenye majani ya migomba yakasikika moja moja.

Dickson alikuja kwa hatua ndefu na vijana wake. Hakugombana. Ndilo lililomtisha Asukile. Alisimama mlangoni pa sebule, akakunja mikono, akasema kwa utulivu:

"Endelea, mzee. Onyesha. Hakuna anayekuzuia."

Mtu aliyepeleka barua, aliyepanga skrubu, aliyesogeza ratiba, leo anasema endelea? Lakini skrubu ilibaki moja, sauti ya matangazo ilikuwa imerudi, na mia nne walikuwa wakitazama.

Aliifungua. Wakainua kifuniko. Anyosisye aliweka kanga juu ya uso wa mumewe, halafu yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akavua soksi nyeupe zilizovishwa kwenye mikono ya marehemu. Soksi, mikononi.



Mikono ile sitaieleza, kuna wanaosoma gazeti wakila. Niseme tu kwamba Asukile aliitambua. Alikwisha kuiona, kwa mwanamke aliyekuwa akimpikia.

Maoni yalisimama. Mia sita walikuwa wakitazama na hakuna aliyeandika herufi. Kisha kioo kikatoa mlio mdogo: Anania anaomba kuingia.

Lusungu alimkubalia. Akazima maiki ya kwao ili sauti isipige mbinja, akaongeza sauti ya simu hadi mwisho, kila mtu sebuleni asikie.

Sura ya Anania ilijaza nusu ya kioo. Mtu mzima, mvi kidogo masikioni, amevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni. Nyuma yake ukuta mtupu, rangi ya maziwa. Midomo ilikuwa mikavu.

"Nimeona," akasema.

Asukile alifumba macho. Neno lilikuwa limefika mdomoni mwa mwenye neno. Sasa lilibaki kutoka.

"Nimeona, na ukoo umeona. Ni ugonjwa. Fungeni sanduku. Mzikeni ndugu yangu."



Dickson ndiye aliyejongea kwanza. Hakuwa na haja ya kutabasamu, akatabasamu hivyo hivyo. Aliwaita vijana wanne, akawaambia mkuu wa ukoo amesema, tena mbele ya watu mia sita, na asiyesikia akasikilize marudio. Sasa yale macho mia sita yalikuwa ya Dickson. Asukile alikuwa amemkusanyia mashahidi kwa mikono yake mwenyewe.

Vijana wakainama. Kifuniko kikarudi. Wakashika jeneza pembe nne.

Na hapo, kutoka mlimani, kupitia ukungu, kiwanda cha chai cha Isumbi kikapiga king'ora cha saa nane, cha kubadilisha zamu. Mlio mrefu, unaoanza chini, unapanda, unavunjika katikati kwa sababu tarumbeta yake imepasuka tangu zamani na wakubwa hawajaitengeneza. Hakuna king'ora kingine chenye mlio huo duniani.

Kilipolia kikaisha, kila mtu akakisikia tena.

Kililia ndani ya simu. Kikaanza chini, kikapanda, kikavunjika katikati.

"Ni mwangwi," Dickson akasema haraka. "Simu zina mwangwi."

Lusungu alikuwa ameganda mbele ya kioo. Alizungumza bila kugeuka.

"Si mwangwi. Maiki yetu nimeizima. Huo mlio umetoka kwake."

Kahama, msomaji wangu. Kutoka hapo hadi Kahama ni safari ya kutwa na zaidi. Mtu wa Kahama anakisikiaje king'ora cha Isumbi?

Wale vijana wanne walibaki wameinama, jeneza halijainuka wala halijaachwa. Anania kwenye kioo alikuwa amegeuza macho pembeni, anamtazama mtu asiyeonekana.

Anyosisye akasimama. Akaweka viganja vyake viwili juu ya kifuniko, akakilalia kwa kifua.

"Mkubwa akiwa mbali, neno lake linazika," akasema. "Akiwa karibu, hazikwi mtu mpaka afike kwa miguu yake, atupe udongo wa kwanza. Ndivyo tulivyomzika baba yao, na mababu wote kwenye migomba hii. Shemeji yangu yuko Rungwe. Aje. Asipokuja, Benson halali leo."

Wachimba kaburi mlangoni walisikia. Mmoja wao aliegemeza jembe lake ukutani. Wa pili akafuata. Vijana wa Dickson waliyatazama yale majembe, wakaiachia mishikio ya jeneza taratibu, kana kwamba imepata moto.

Lusungu akawasha maiki. Asukile akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Anania," akasema. "Uko wapi, na uko na nani?"

Midomo ya Anania ilifunguka. Kabla hajatoa neno, mkono usio wake ukapita mbele ya uso wake, ukaiziba kamera. Picha ikawa nyeusi. Lakini aliyeziba hakujua kuzima sauti, na watu elfu moja na mia mbili wakamsikia mkuu wa ukoo, kwa Kinyakyusa cha mtoto mdogo, akimsihi mtu asimguse kwa kile alichokishika.